Mwale Ndani ya Maji: Namna ya Kuonyesha na Kupima Mtawanyiko wa Mwanga kwenye Koloidi

Mulika kalamu ya leza kwenye glasi ya maji safi gizani. Utaona doa pale mwanga unapoingia na doa jingine unapotokea, na katikati hakuna kitu. Tia tone moja la maziwa, koroga, mulika tena: mwale umejichora ndani ya maji kutoka ukuta hadi ukuta. Ukiyatazama maji hayohayo mchana dirishani, bado ni angavu. Kilichoongezeka ni chembe za kuukatiza mwanga njiani na kuurusha pembeni, na sehemu ya ule uliorushwa ndiyo iliyofika kwenye jicho lako.

Hii huitwa athari ya Tyndall, kwa jina la John Tyndall (1820–1893), mwanafizikia wa Ireland aliyeichunguza miaka ya 1860. Michael Faraday alikuwa ameshaiona mwaka 1857 kwenye maji yenye chembe ndogo mno za dhahabu. Shuleni hufundishwa kama swali la ndiyo au hapana: mwale ukionekana ni koloidi (kimiminika chenye chembe ndogo zinazoelea bila kuyeyuka), usipoonekana ni mmumunyo halisi (kilichotiwa kimeyeyuka kabisa). Jibu hilo linatosha kwa mtihani, lakini mwale una mengi zaidi ya kusema. Rangi yake inadokeza ukubwa wa chembe na ukali wake unadokeza wingi wa chembe. Ukiutazama kupitia miwani maalumu ya jua, unaweza pia kujua kama mwanga umegonga chembe mara moja au mara nyingi kabla ya kukufikia.

Kwa vipimo, chembe za koloidi zina upana wa kati ya nanomita 1 na 1000. Chumvi iliyoyeyuka iko chini ya hapo, na mchanga unaotuama kwenye ndoo uko juu sana. Mipaka hii ni ya makubaliano tu. Hakuna kinachogeuka ghafla kwenye nanomita 1000.

Vifaa na chumba

Chombo kizuri ni chenye kuta bapa: kikasha cha plastiki angavu, chupa ya mraba, au tangi dogo la samaki. Glasi ya mviringo hufanya kazi, ila ukuta wake ni lenzi. Ukimulika nje kidogo ya katikati, mwale unapinda na viakisi vinazagaa, na mtazamaji anaweza kudhani ameona mtawanyiko kumbe anaona glasi. Kama unayo ya mviringo tu, elekeza mwanga katikati kabisa ya kipenyo.

Nyuma ya chombo weka kitambaa cheusi kisichong'aa, na kingine upande mwanga unapotokea ili uzimike hapo. Zima taa, funga pazia, na yape macho dakika 5 hadi 10 yazoee giza. Watu wengi huruka hatua hii, halafu wanalalamika kwamba mwale hauonekani.

Unahitaji vyanzo viwili vya mwanga, kwa kuwa kila kimoja kina kazi yake:

- Kalamu ya leza nyekundu (urefu wa wimbi la mwanga wake ni nanomita 650 hivi), isiyozidi miliwati 5, na ikipatikana ya chini ya miliwati 1 ni bora zaidi. Lebo za leza za bei rahisi haziaminiki. Ichukulie kuwa ni kali kuliko inavyodai. Usiitazame kwa mbele hata ikiwa imepitia kwenye maji, na ondoa vijiko, saa na vioo mezani. Leza za kijani za bei ndogo zina hatari ya ziada, maana baadhi huvujisha mnururisho wa infraredi ambao jicho haliuoni wala halikwepi.
- Tochi nyeupe iliyofunikwa na kadi nyeusi yenye tundu la milimita 5. Taa ya simu hutanua mwanga mno, kwa hiyo pitisha kwanza kwenye bomba la karatasi nyeusi lenye urefu wa sentimita 10 hivi. Kwa jaribio la rangi, tochi ya zamani yenye balbu ya waya hutoa wekundu mzuri zaidi, na ya LED hutoa ubuluu mzuri zaidi; LED nyeupe ina buluu nyingi karibu na nanomita 450 na nyekundu kidogo.

Ongeza sirinji za duka la dawa bila sindano, ya mililita 1 na ya mililita 10. Kuhesabu matone si vibaya (matone 20 hivi ni mililita 1), lakini tone la kidondoshi kimoja si tone la kingine.

Anza na maji matupu

Majaribio haya hushindwa kwenye maji kabla ya kushindwa kwenye maziwa. Jaza mililita 500, funika, acha usiku mzima, kisha mulika leza kabla ya kutia chochote. Unachotafuta ni giza katikati. Ukiona nukta zinazometameta na kuelea moja moja, hilo ni vumbi. Chuja kwa karatasi ya chujio au pamba iliyoshindiliwa kwenye shingo ya chupa, na umwage mililita 50 za kwanza kwa sababu zinabeba nyuzi za pamba. Ukiona mstari mwembamba usiokatika, maji yako tayari yana koloidi.

Maji ya bomba yanapotoka kwenye mgandamizo huachia viputo vidogo vya hewa vinavyong'ang'ania ukutani na kung'aa kuliko maziwa yenyewe. Subiri angalau nusu saa, kisha gonga chombo taratibu ili viputo vipande juu.

Kosa la kawaida kuliko yote ni kuchemsha maji ili "yawe safi". Maji magumu ya kisima, kama ya maeneo mengi ya pwani, yakichemka hutupa kalsiamu kaboneti. Ndiyo ile chokaa nyeupe inayoganda ndani ya birika. Sehemu yake hubaki ikielea, na sasa maji yana mwale ambao hayakuwa nao kabla. Kwa kazi hii tumia maji yaliyotoneshwa au maji ya chupa yasiyochemshwa. Dukani ukiulizia maji ya betri, hakikisha unapewa yaliyotoneshwa na si asidi. Kuna wanaoviita vyote viwili jina moja.

Chombo kisuuzwe mara tatu baada ya kuoshwa. Sabuni ikibaki inachafua kipimo, na tindikali ya limau ikibaki inakata maziwa.

Maziwa, kidogo kidogo

Chagua maziwa yasiyo na mafuta, au ya unga yasiyo na mafuta. Sababu ni ukubwa wa chembe. Maziwa yana aina mbili za chembe zinazotawanya mwanga: vifurushi vya protini ya kaseini, ambavyo kwa wastani vina nanomita 150 hadi 200, na matone ya mafuta, ambayo katika maziwa mabichi yana wastani wa mikromita 3 au 4. Matone hayo makubwa hutawanya rangi zote karibu sawa na kuufanya mwale uwe mweupe tu. Kama una maziwa ya ng'ombe moja kwa moja, yaweke kwenye friji usiku kucha na uchote ya chini ya malai kwa sirinji. Mtindi haufai hata kidogo, maana kaseini huganda asidi inapofikia pH ya 4.6 hivi na kukuachia mabonge.

1. Zimua kwanza: mililita 5 za maziwa na 45 za maji. Hii ndiyo akiba yako, moja kwa kumi. Bila akiba utajikuta unapima tone na nusu, jambo lisilowezekana.

2. Kwenye mililita 500 za maji yaliyokaguliwa, tia mililita 0.5 za akiba. Sasa una sehemu 1 ya maziwa kwa 10,000. Koroga taratibu bila kutengeneza povu, subiri dakika moja, mulika leza. Mwale mwembamba unatakiwa uonekane kutoka ubavuni. Usipouona, tatizo ni giza la chumba au mahali uliposimama.

3. Ongeza hadi jumla ya mililita 5 za akiba (1 kwa 1,000). Washa tochi nyeupe, simama ubavuni, na linganisha rangi ya mwale na karatasi nyeupe iliyomulikwa na tochi hiyohiyo. Mwale una ubuluu.

4. Shika karatasi nyeupe upande mwanga unapotokea, endelea kuongeza akiba mililita 5 kwa 5 na utazame doa. Litatoka kwenye nyeupe kwenda njano, kisha rangi ya chungwa. Kwa chombo cha urefu wa sentimita 20 hadi 30, kwa kawaida hili hutokea kabla ya kufika mililita 25 za akiba, yaani karibu 1 kwa 200. Glasi nyembamba ya sentimita 6 inahitaji maziwa mengi zaidi. Katika safari hii, urefu wa njia na wingi wa chembe hufidiana.

5. Ukizidisha, doa hufifia mpaka linapotea na chombo chote kinang'aa cheupe kama taa ya kibatari. Hapo mwanga umegonga chembe moja, ukarukia ya pili, ya tatu, na rangi zote zimechanganyika upya. Huwezi kurudi nyuma kwa kusubiri. Mwaga nusu, jaza maji.

Kwa nini buluu huenda ubavuni na nyekundu hubaki njiani? Mwaka 1871 Lord Rayleigh alionyesha kwamba kwa chembe zilizo ndogo sana kuliko urefu wa wimbi, mwanga unaotawanywa hupungua kwa kipeo cha nne cha urefu huo. Gawanya 650 kwa 450, zidisha jibu kwa lenyewe hadi kipeo cha nne, unapata 4.35: buluu ya nanomita 450 hutawanywa zaidi ya mara nne kuliko nyekundu ya 650. Ndiyo hesabu ya anga la mchana na ya jua la magharibi. Hata hivyo, hesabu hiyo hudai chembe zisizozidi takribani sehemu moja ya kumi ya urefu wa wimbi, yaani nanomita 40 hadi 60, na kaseini imeshapita hapo. Kwa hiyo ubuluu wa maziwa ni hafifu kuliko unavyotabiriwa, na anayekuahidi buluu ya anga kutoka kwenye glasi ya maziwa anakudanganya kidogo. Chembe za ukubwa huu zina hesabu yake nyingine, iliyotolewa na Gustav Mie mwaka 1908.

Chembe zilizo kubwa kiasi cha kukaribia wimbi hurusha mwanga mwingi mbele kuliko pembeni. Utaliona hilo kwa tochi (kamwe usifanye hivi kwa leza): tazama kutoka ubavuni, kisha sogea polepole kuelekea upande mwanga unapotokea, ukiwa bado nje ya njia yake. Mwale unazidi kung'aa. Vumbi kwenye miale ya jua dirishani hufanya vivyo hivyo; linaonekana zaidi ukiwa umeelekea jua.

Miwani ya jua na kuizungusha leza

Tafuta miwani ya jua ya aina inayozuia mng'ao wa barabarani. Ili kujua kama ni ya kweli, itazame skrini ya kompyuta kupitia kioo kimoja huku ukikizungusha. Skrini ikififia kisha ikarudi, unayo. Sasa simama ubavuni kabisa, nyuzi 90 kutoka kwenye mwale wa tochi katika maziwa ya 1 kwa 1,000 au mepesi zaidi, na uzungushe kioo mbele ya jicho. Mwale unafifia, unarudi. Mwanga uliotawanywa na chembe ndogo kwa nyuzi 90 hutikisika upande mmoja tu, nao ulikuwa unatikisika pande zote ulipotoka kwenye tochi. Katika maziwa mazito mabadiliko hayo hupotea, kwa sababu mwanga umegongwa mara nyingi. Kwa hiyo miwani hii ni kipimo cha haraka cha kujua kama umeshavuka mahali ambapo hesabu rahisi zinafanya kazi.

Leza ina mchezo wake hata bila miwani. Mwanga wa kalamu nyingi za leza tayari hutikisika upande mmoja. Izungushe kalamu kwenye mhimili wake, kama unavyozungusha penseli kati ya vidole, huku ukiutazama mwale kwa ubavu: unang'aa, unafifia, unang'aa. Ulinganishaji wowote wa glasi mbili ambapo kalamu imegeuka robo mzunguko katikati hauna maana. Ifunge kwenye kipande cha mbao kwa gundi ya karatasi na usiiguse tena.

Vinavyodanganya

Chumvi na sukari hutumika kuonyesha mmumunyo usio na mwale, na mara nyingi huaibisha mwalimu. Chumvi ya mezani hutiwa unga wa kuzuia isishikane, na mwingine hauyeyuki. Chumvi ya mawe huja na udongo. Yeyusha gramu 10 kwenye mililita 200, acha itulie usiku, chuja, ndipo umulike.

Mafuta ya kula ni mtego wa aina nyingine. Ukimulika leza ya kijani kwenye mafuta ya zeituni, mwale unaonekana wa chungwa au mwekundu. Huo si mtawanyiko; klorofili imeumeza mwanga wa kijani na kutoa wa kwake. Leza ya urujuani ya nanomita 405 huleta udanganyifu huo kwenye vitu vingi, pamoja na soda ya toniki yenye kwinini. Kanuni ni fupi: mtawanyiko huu hautengenezi rangi ambayo haikuwemo kwenye chanzo. Mwale ukibadilisha rangi ya leza, unatazama kitu kingine.

Sabuni ya maji ni koloidi kweli, ila vifurushi vyake vina nanomita chache tu na mwanga wake ni hafifu mno. Kwa chembe ndogo, kila moja hutawanya kwa kipeo cha sita cha kipenyo chake, hivyo chembe yenye nusu ya upana hutawanya mara 64 pungufu. Ukiona mwale mnene kwenye maji ya sabuni, jua kwanza kwamba ni utando unaotokea sabuni inapokutana na maji magumu.

Kuiona chembe ikikua

Hili ni la maabara, dirisha likiwa wazi, na mwenye pumu asikae karibu. Yeyusha gramu 2.5 za fuwele za sodiamu thayosalfeti kwenye mililita 500 za maji, washa tochi, kisha tia mililita 10 za asidi ya haidrokloriki ya mola 2 na ukoroge mara moja. Salfa huanza kujitenga taratibu, na pamoja nayo gesi ya salfa daioksidi.

Dakika za mwanzo hakuna kitu. Kisha mwale wenye ubuluu unachomoza ubavuni, doa la upande wa pili linageuka njano, chungwa, jekundu. Baadaye ubuluu unakuwa weupe na doa linazimika. Maziwa yalikuonyesha kinachotokea wingi unapoongezeka. Hapa ukubwa pia unaongezeka, na kugeuka kwa buluu kuwa nyeupe ni alama kwamba chembe zimelifikia wimbi la mwanga. Joto huharakisha mambo, kwa hiyo maji ya friji yatakupa muda mrefu wa kutazama. Ukimaliza, ua asidi kwa kutia sodiamu kaboneti mpaka povu likome, ndipo umwage.

Kifaa cha kupima kwa namba

Jicho haliwezi kusema glasi hii ina mara mbili ya ile. Kifaa rahisi kinaweza, na mantiki yake ndiyo ya vifaa vya mamlaka za maji: mwanga huingia upande mmoja, kihisi kinatazama kwa nyuzi 90.

Chukua boksi dogo, lipake ndani rangi nyeusi isiyong'aa. Katikati tengeneza kiota cha kichupa cha glasi cha kipenyo cha milimita 25, kinachokaa pasipo kuchezacheza. Toboa tundu la milimita 5 la LED ya kijani, na jingine kwa nyuzi 90, urefu uleule, la LDR (kihisi ambacho upinzani wake wa umeme hubadilika kwa mwanga) ya aina ya GL5528. Mbele ya LDR weka mrija mweusi wa sentimita 2 ili itazame katikati ya kichupa tu. Mkabala na LED toboa tundu kubwa linaloingia chumba kingine cheusi, mwanga uliobaki ufie humo. LED iunganishwe na chaja ya simu ya volti 5 kupitia rizista ya omu 220. Kwa LED ya kijani yenye kushusha volti 3, mkondo ni miliampea 9 hivi. Usitumie betri: kadiri zinavyochoka LED inafifia, na maji yataonekana kama yanajisafisha yenyewe. Kijani kimechaguliwa kwa sababu LDR hii huona vizuri zaidi karibu na nanomita 540. Kiwango cha kimataifa cha ISO 7027 hutumia infraredi ya nanomita 860, ambayo haimezwi na rangi ya maji kama chai, lakini kwa infraredi hiyo utahitaji fototransista, yaani kihisi cha mwanga cha aina nyingine.

LDR husomwa kwa mita ya umeme kwenye omu, na husoma kinyume: mwanga ukizidi, omu zinapungua. Gizani husoma karibu megaomu 1 au zaidi. Maji matupu yakisoma chini sana ya hapo, mwanga unavuja au unaakisiwa, tafuta tundu. LDR pia ina kumbukumbu, kwa hiyo baada ya kufunga kifuniko subiri dakika nzima. Futa alama za vidole kwenye kichupa na ukichore mstari, kikae upande uleule kila mara.

Tengeneza maziwa ya 1 kwa 1,000, kisha yazimue nusu kwa nusu: 2,000, 4,000, 8,000, 16,000. Soma kila moja, chora kwenye karatasi ya grafu yenye mizani ya logi (logarithimu) pande zote mbili. Utapata mstari karibu ulionyooka unaopinda ncha zote mbili: upande mwepesi kwa sababu ya mwanga unaovuja, upande mzito kwa sababu ya kugongana mara nyingi. Mwanga ukizidi mara 10, omu za LDR hii hushuka mara 4 hadi 5 tu, hivyo usitoe omu za maji matupu kwenye omu za sampuli. Geuza kwanza kuwa mwanga kwa mstari wako, ndipo utoe. Maziwa yaandaliwe upya kila siku.

Namba hizo ni za boksi lako. Ili ziwe NTU, kipimo cha kimataifa cha ukungu wa maji, unahitaji kimiminika cha kulinganishia cha formazini. Kinunuliwe kikiwa tayari. Kiambato chake kimoja, haidrazini salfeti, kinashukiwa kusababisha saratani.

Kosa moja linaweza kukudhalilisha. Maji mazito sana ya tope hurudisha mwanga mdogo kwa nyuzi 90 kuliko maji ya kati, kwa sababu mwanga unamezwa na kukwama kabla haujafika katikati ya kichupa. Kifaa kitasoma kana kwamba ni safi. Kila sampuli unayoitilia shaka, izimue nusu na usome tena: mwanga ukiongezeka badala ya kupungua, ulikuwa umevuka kilele.

Shabu kwenye maji ya tope

Changanya gramu 10 za udongo wa mfinyanzi kwenye lita 1, tikisa sana, acha saa 8. Kwa muda huo chembe ya mikromita 2 huwa imeshuka sentimita 10 hivi, kwa hiyo sentimita 10 za juu zina udongo mwembamba tu, ule usiotaka kutuama. Unyonye kwa mrija bila kuutibua wa chini. Rudia mpaka upate lita 2 na nusu, ugawe kwenye glasi tano za mililita 500.

Yeyusha gramu 1 ya shabu kwenye mililita 100 za maji. Glasi ya kwanza usitie kitu. Nyingine tia mililita 0.5, 1, 2 na 4, yaani miligramu 10, 20, 40 na 80 kwa lita. Koroga kwa kasi dakika 1, halafu polepole dakika 15 hadi 20, kama mzunguko mmoja kila sekunde mbili, kisha acha nusu saa.

Mulika leza wakati wa kukoroga polepole, kwani hapo ndipo penye kuvutia. Mwanzoni mwale ni laini, kama uzi uliopakwa rangi. Dakika chache baadaye unaanza kuwa na punje. Kisha punje zinatengana, na kati yake unaliona giza. Udongo ulikuwa unaelea kwa sababu chembe zake zina chaji hasi na zinasukumana. Alumini ya shabu huizima chaji hiyo na zinashikana. Chumvi ya bahari hufanya kazi hiyo pia, ila kwa kiasi kikubwa: tia gramu 17 za chumvi kwenye glasi ile ya kwanza baada ya kuisoma, uone. Tope la mto linapokutana na bahari hukusanyika na kushuka kwa sababu hiyohiyo.

Chukua sampuli sentimita 2 au 3 chini ya uso wa maji, usome kwenye boksi. Ikiwa glasi zote hazikubadilika na ulitumia maji ya mvua, shabu imekosa alkali ya kuifanyia kazi. Tia gramu 0.05 za magadi ya kuokea kwa kila nusu lita na urudie. Mara nyingine glasi ya miligramu 80 husoma ukungu zaidi ya ile ya 40, kwa kuwa shabu iliyozidi inaweza kuzipa chembe chaji ya upande wa pili na zikaanza kusukumana tena. Chagua dozi ndogo kabisa iliyokupa maji angavu, na usiongeze "kwa usalama".

Kwa macho, watu huanza kuuona ukungu kwenye NTU 4 hivi, wakati Shirika la Afya Duniani hutaka maji yawe chini ya 1 kabla ya kutiwa klorini. Maji yanayoonekana safi mezani yanaweza bado kuwa na mwale wa wazi kwenye leza. Hata mwale ukitoweka kabisa, vimelea vichache visivyotosha kuonekana bado vinatosha kuugua, kwa hiyo kama maji ni ya kunywa, klorini au kuchemsha kunafuata.